Daktari Yu Wapi? Mgawanyo Mpya wa Huduma za Afya na Safari ya Mgonjwa wa Kijijini

Mwananchi afikapo katika zahanati ya kijiji chake na kuulizia daktari, kwa kawaida hupokewa na tabibu au muuguzi. Mazoea ya kumwita kila mvaa koti jeupe "daktari" hayana ubaya, ila huficha jambo ambalo familia nyingi hulitambua saa nane za usiku, mgonjwa akiwa amezidiwa: daktari hakupangiwa kituo hapo. Tabibu husomea stashahada ya miaka 3, naye hutibu malaria, nimonia, kuhara na majeraha madogo. Uzazi wa kawaida huwa mikononi mwa muuguzi mkunga. Daktari husoma shahada kwa miaka 5, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa mwaka 1. Kwa mujibu wa muundo wa huduma nchini Tanzania, daktari hutarajiwa kuanzia kituo cha afya na kuendelea juu.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/2018 uzito mkubwa uliwekwa katika vituo vya afya: vingine vilikarabatiwa, vingine vilitokana na zahanati zilizopandishwa hadhi, na vingi vikapata chumba cha upasuaji.

Sababu ya kumweka daktari katani badala ya kijijini ni ya kitaalamu. Mjamzito ambaye mtoto amekwama hahitaji daktari peke yake. Anahitaji mtaalamu wa dawa za usingizi, maabara ya kupima kundi la damu, damu salama iliyohifadhiwa katika jokofu, umeme usiokatika na wauguzi wa kumwangalia baada ya upasuaji. Daktari aliyewekwa peke yake katika zahanati yenye vyumba vitatu angeishia kuandika barua ya rufaa ileile ambayo tabibu huiandika. Kwa mwanamke huyo, kituo cha afya kilichokamilika katani huokoa saa ambazo zamani zilipotea njiani kuelekea hospitali ya wilaya.

Hata hivyo, mpangilio huu una gharama ambayo haionekani siku ya kukata utepe. Halmashauri haiajiri watumishi wa afya kwa idadi iitakayo. Vibali vya ajira hutoka Serikali Kuu. Majengo yakiongezeka kuliko ajira, njia ya haraka ya kukijaza kituo kipya ni kuwahamisha watumishi waliopo, na mara nyingi huondolewa zahanati. Zahanati yenye watumishi wawili ikipungukiwa na mmoja hubaki ikining'inia kwenye uzi: anayebaki akienda likizo ya uzazi, akiitwa semina au akifuata dawa wilayani, mlango hufungwa. Hapo mama mwenye mtoto mwenye homa hulazimika kutafuta nauli ya bodaboda kwa ugonjwa ambao dawa yake imo kabatini, nyuma ya kufuli. Mpangilio uliomsogezea daktari mjamzito mmoja huwa umewasogeza mbali na tabibu watoto wengi.

Ndiyo maana swali la kuuliza kituo kinapopandishwa hadhi si kama daktari atakuja tu, bali ni nani atakayeziba pengo katika zahanati za jirani, na kuanzia lini. Mganga Mkuu wa Wilaya ndiye mwenye jibu. Kila zahanati na kila kituo cha afya huwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na juu yake ipo Bodi ya Afya ya Halmashauri. Tangu utaratibu wa kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za vituo uanze, mwaka wa fedha 2017/2018, kamati hizo zimekuwa na sauti katika mipango na matumizi. Kamati inayokutana kwa ajili ya kutia saini tu huipoteza sauti hiyo.

Kwa mgonjwa, safari huanza zahanati, hata kama anahisi ataishia mbele. Hapo hupewa huduma ya kwanza, na barua ya rufaa humweleza daktari kilichokwisha kufanyika. Mwenye bima aivukaye ngazi bila barua huweza kutakiwa kulipa mwenyewe. Dharura haingoji barua. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga, upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Namba yake ni 115 na kupiga ni bure. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali huita dereva jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo na si familia.

Simu hiyo haivuki mto uliofurika, lakini. Katika vijiji ambavyo barabara hukatika wakati wa masika, mjamzito aliyekwisha kuambiwa ana hatari, kwa mfano aliyewahi kupasuliwa au mwenye mapacha, hushauriwa kuhamia karibu na kituo cha afya kabla ya siku zake kutimia, kwa ndugu au katika nyumba ya kusubiria kujifungua pale ilipo. Nani atabaki na watoto na nani atapika ni mambo ya kupangwa na familia mapema, mume akiwemo.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Zahanati iliyokaa bila tabibu ni ajenda halali ya mkutano huo. Ikiandikwa katika muhtasari, pamoja na siku ambazo mlango ulifungwa, hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani huifikisha kwenye Baraza la Madiwani ikiwa na tarehe zake.