Bahari ya Mbali na Homa ya Nyumbani

Wewe unayekaa Punia labda hujaiona bahari hata siku moja. Kutoka hapa kwenda Mombasa ni karibu kilometa 1,500, na ukienda upande wa magharibi mpaka bahari ya Atlantiki, safari ni ndefu vilevile. Basi unaweza kuuliza: kitabu cha afya kina shauri gani na bahari? Sikiliza kwanza habari ya dimbwi lililo nyuma ya nyumba yako.

Mvua inanyesha, dimbwi linajaa. Mbu wa malaria anataga mayai yake juu ya maji yale, na baada ya siku kumi hivi mbu wapya wanaruka. Mbu mmoja anamwuma mtu mwenye malaria. Vijidudu vya ugonjwa vinakaa ndani ya mbu yule siku kumi au kumi na mbili, ndipo anaweza kumpa mtu mwingine. Usiku anamwuma mtoto wako, na siku kumi au kumi na nne zinapita tena kabla mtoto hajaanza kutetemeka. Hesabu mwenyewe: ni majuma matano hivi. Siku unapombeba mtoto kwenda hospitali, mvua iliyoleta taabu hiyo umekwisha kuisahau.

Tena si mvua kubwa kabisa inayowapendeza mbu. Maji yaendayo kwa nguvu huwafagia mabuu. Wanaopata nafasi ni wale wa siku za utulivu zinazofuata, maji yanaposimama na kupata joto la jua. Na hapa Punia maji yana mahali pengi pa kusimama, kwa maana wachimbaji wa kasiteriti wameacha mashimo huku na huku. Shimo lisilo na mtu wa kulifukia ni shamba la mbu.

Sasa tuiangalie mvua yenyewe. Punia iko karibu na ikweta, chini yake kidogo tu. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, katika Machi na tena katika Septemba, na ukanda wa mawingu hulifuata nyuma. Kwa hiyo mvua huzidi mara mbili, na katikati hupungua, lakini mwezi mkavu kabisa hatuna. Ndugu zetu wa Kindu, walio kusini zaidi, wanaona ukavu wa kweli katika Juni na Julai. Mengi ya maji ya mvua yetu hutoka katika miti ya msitu, ambayo huyanywa na kuyarudisha hewani, na mengine huletwa na upepo kutoka baharini. Ndiyo sababu bahari ikibadilika, hata sisi wa msituni tunaweza kuguswa.

Wazee wanajua kwamba miaka hailingani. Wataalamu wa hali ya hewa wameona kwamba sababu moja kubwa ni joto la maji ya bahari. Katika bahari ya Pasifiki, iliyo mbali kuliko zote, upepo kwa desturi husukuma maji ya moto kwenda upande wa Asia. Miaka mingine upepo huo hulegea, na maji ya moto hurudi upande wa Amerika. Wavuvi wa Peru waliona kwamba jambo hili huja karibu na Krismasi, wakaliita El Niño, yaani Mtoto, kwa ajili ya Mtoto Yesu. Huja kila baada ya miaka miwili mpaka saba. Maji yakizidi kiasi chake cha kawaida kwa nusu digrii tu, na hali ile ikidumu kwa miezi kadhaa, wataalamu huanza kusema kwamba El Niño iko. Nusu digrii! Mkono wako usingeijua tofauti ukioga, lakini katika bahari yote ni joto kubwa mno. Maji yakipoa kuliko kawaida, huitwa La Niña.

Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake, ambayo wataalamu wa Japani waliieleza katika mwaka 1999. Upande wa Afrika ukiwa na joto na upande wa Indonesia ukipoa, mawingu hukusanyika upande wetu, na Afrika ya Mashariki hupata mvua nyingi sana kutoka Oktoba mpaka Desemba. Mizani ikiinama upande mwingine, kunakuwa ukame. Kadiri unavyokwenda magharibi nguvu yake hupungua, lakini haiishi mpakani.

Tazama mwaka 1961. Bahari ya Hindi iliinama upande wa Afrika, mvua ikanyesha bila kipimo, na mpaka 1964 ziwa Viktoria lilikuwa limepanda zaidi ya meta mbili. Mwishoni mwa 1961 mto Kongo ulifika pale Kinshasa kwenye alama ya meta 6.26. Alama hiyo ilikaa kama hadithi ya wazee. Kisha mwishoni mwa 2023 El Niño ilikuwako, na Bahari ya Hindi nayo iliinama tena upande wetu. Katika Januari 2024 mto ulifika 6.20 pale Kinshasa. Bahari haikuwa sababu pekee, maana mito mingi hukutana katika Kongo na kila mmoja una mvua yake. Lakini miaka hiyo miwili inafanana mno.

Maji ya mto yakipanda, vyoo hufurika, na uchafu huingia katika chemchemi. Hapo ndipo kipindupindu hupata njia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifuatwa na kipindupindu na malaria katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Ugonjwa huu husafiri pamoja na watu katika mashua: mwaka 2011 ulianza Kisangani katika Machi, ukashuka na mto mpaka Kinshasa. Lowa yetu inaingia Lualaba, na Lualaba inapokea maji ya ziwa Tanganyika kwa mto Lukuga. Kwenye ufuko wa ziwa hilo, Kalemie na Uvira, kipindupindu hakiondoki sana.

Lakini jambo moja nataka ulishike vizuri. Kila mwezi wataalamu wa Marekani hutoa habari ya Pasifiki, na Mettelsat, shirika la hali ya hewa la nchi yetu, ndilo la kuuliza habari za hapa kwetu. Habari hizi za bahari husema kwamba miezi mitatu inayokuja huenda itakuwa na mvua kuliko kawaida, au pungufu. Hazisemi siku, wala kijiji. Mapema katika Mei 2023 maji yalishuka milimani katika Kalehe, kando ya ziwa Kivu, yakaua watu zaidi ya 400. Wakati ule El Niño ilikuwa haijatangazwa. Basi mtu asikwambie, "Mwaka huu hakuna El Niño, lala tu kando ya mto."

Habari ikisikika kwamba mvua itazidi, una majuma kadhaa mkononi. Yatumie. Shona chandarua kilichopasuka sasa, si mtoto akiwa na homa. Fukia mashimo yaliyo karibu na nyumba, hata yale ambayo hukuyachimba wewe. Choo kikiwa bondeni, hamisha. Weka nyumbani sukari na chumvi: kwa mtu anayeharisha sana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo njiani mkienda hospitali. Usingoje kesho.

Na mvua yako ipime mwenyewe. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke juu ya nguzo mahali peupe, mbali na miti. Kila asubuhi ingiza rula ya shule, soma milimeta, andika katika daftari, kisha mwaga maji. Milimeta moja ni lita moja katika kila meta mraba. Ikinyesha milimeta 50 juu ya mabati ya meta sita kwa tano, ni lita 1,500, na maji hayo ni safi kuliko ya mto kama umeacha ya kwanza yaoshe bati. Mama akimleta mtoto mwenye homa, alete na daftari, tuangalie pamoja ukurasa wa majuma matano yaliyopita.