Mtoto anasoma Kichina? Msikilize anavyotaja saa

Mtoto anayejifunza Kichina akitaka kusema saa mbili asubuhi, mara nyingi atasema "er dian". Hapo amekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni letu Waswahili. Wachina huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwao ni saa 8, "ba dian". La pili ni la matamshi: hata saa 2 yao, ambayo kwetu ni saa nane, haisemwi "er dian" bali "liang dian". Wao pia hutanguliza "asubuhi" kabla ya saa, "zaoshang ba dian", ila mtoto akigeuza ataeleweka tu.

Linalohitaji macho ya mzazi ni jingine. Kiswahili kina neno moja, saa. Kichina kina "dian" kwa saa ya ukutani na "xiaoshi" kwa muda unaopita. Mwanafunzi aliyeko Guangzhou akiambiwa hospitalini "mei ba xiaoshi yi ci", ameze dawa kila baada ya saa nane, yaani mara tatu kwa siku. Akidhani ameambiwa "ba dian", atameza asubuhi na jioni tu, na dozi ya tatu itapotea kila siku.

Ukimpigia simu, muulize amemeza mara ngapi tangu jana. Piga mapema: China iko mbele kwa saa tano, na saa mbili usiku ya Dar es Salaam kwake ni saa saba usiku.