Kumfundisha mwenzako pikipiki: nyumbani au shuleni?

Mvua za gu, yaani masika, zikishika, udongo mweusi wa Ijara hunasa magurudumu na safari ya Masalani hadi Garissa huwa mateso. Ukitaka mkeo au mumeo ajue kuendesha pikipiki mwaka huu, amua sasa, ardhi ingali kavu.

Wengi huanza kwa kumfundisha wenyewe, wakidhani ni bure. Si bure. Anayejifunza huachia klachi ghafla, pikipiki ikaruka na kulala ubavu. Leva imevunjika, indiketa imepasuka, kioo hakipo. Kama pikipiki hiyo ndiyo inayoleta unga nyumbani, kila siku inayokaa kwa fundi ni hasara. Na kuna maneno: mtu humvumilia mtoto wa jirani kuliko mwenzake wa ndani. Ukijijua una hasira za karibu, mlipe mwendeshaji mpole unayemwamini, au dada wa mwenzako anayejua kuendesha, amfundishe uwanjani asubuhi.

Shule ya udereva ya Garissa ni ghali zaidi, lakini mtihani huandikishwa kupitia shule, kwa hiyo hutaikwepa kabisa. Usikubali bei ya jumla kabla hujauliza imebeba nini. Ada za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, pamoja na shilingi 50 za kulipia kwa eCitizen, ni hizi: leseni ya muda 650, mtihani 1,050, leseni ya kadi ya miaka mitatu 3,050. Je, ziko ndani ya bei au nje? Petroli je? Na akianguka mtihani, nani analipa wa pili? Ongeza nauli, chakula na malazi, kwani mtihani ukisogezwa siku moja utalala mjini.

Leseni ya muda hudumu miezi mitatu tu. Usiilipie halafu ukaanza kutafuta pikipiki ya kuazima. Wala mwenzako asiingie barabarani bila leseni hiyo: ajali ikitokea, bima huenda isikusaidie.

Ushauri wangu: changanya njia mbili. Kusawazisha, klachi, gia na breki ajifunzie Masalani kwa pikipiki kuukuu ya cc 100, nyepesi, ambayo spea zake fundi wa hapa anazo. Shuleni mlipie alama za barabarani, mazoezi machache na mtihani. Mkipatikana watu kadhaa, ombeni mwalimu aje Masalani. Nauli yake mkigawana ni nafuu kuliko zenu zote.

Chagueni daraja la leseni mapema. A2 ni ya pikipiki ya matumizi binafsi. Akitaka kubeba abiria au mizigo kwa malipo ni A3. Kubadilisha baadaye ni kulipa upya.

Kofia ngumu nunua mpya, inayombana kichwa. Anayevaa diraa au baibui atafute pikipiki yenye kifuniko kizima cha cheni, na nguo aikunje na kuikalia kabla ya kupiga kiki.