Historia ya Urusi haisomwi kwa kitabu kimoja

AKIPENDA, chongo huita kengeza. Methali hii hunijia kila ninaposoma vitabu kuhusu wafalme wa Urusi na mapinduzi yaliyowang'oa, kwa maana humo nimeona jinsi kalamu inavyoweza kulipamba inalolipenda na kulifukia inalolichukia.

Yapo mambo ambayo waandishi hawayabishii. Alexander II aliwatoa wakulima katika utwana mwaka 1861, kisha akauawa kwa bomu mwaka 1881. Mjukuu wake, Nicholas II, alirithi ufalme mwaka 1894. Januari 1905, wafanyakazi wa St Petersburg wakiongozwa na kasisi Georgy Gapon waliandamana na picha takatifu mikononi ili wampelekee mfalme maombi yao. Askari wakawafyatulia risasi. Machi 1917, vita na uhaba wa chakula vikiwa vimewachosha raia, Nicholas aliachia kiti. Novemba mwaka huo Wabolsheviki wa Lenin walitwaa mamlaka.

Lakini ni nani waliokuwa mstari wa mbele mwezi huo wa Novemba? Hapo ndipo vitabu vinapofarakana. John Reed, mwandishi wa habari Mmarekani aliyeyashuhudia mapinduzi hayo, alichapisha kitabu mwaka 1919. Humo Lenin na Trotsky wanatawala ukumbi, ilhali Stalin anatajwa kwa nadra sana. Lenin alikiandikia utangulizi wa kukisifu. Stalin aliposhika hatamu, kitabu hicho kikatoweka katika maktaba za Kisovieti.

Trotsky, aliyefukuzwa nchini mwaka 1929, aliandika historia yake akiwa uhamishoni Uturuki. Nacho chama kikatoa historia yake rasmi mwaka 1938, ikimtukuza Stalin na kumwita Trotsky msaliti. Miaka miwili baadaye Trotsky aliuawa Mexico. Mwanafunzi wa Kisovieti alikikariri kitabu hicho cha chama, akatahiniwa, akapasi. Mwaka 1956 Khrushchev aliyafichua maovu ya Stalin, na kitabu kile kile kikawekwa kando.

Kioja kikubwa zaidi kilitokea mwaka 1988. Enzi hiyo ya Gorbachev, mitihani ya historia mashuleni ilifutwa kwa sababu vitabu vilivyofundishiwa havikuaminika tena. Hebu fikiria, msomaji: taifa zima likikiri kuwa haliwezi kuwatahini watoto wake kuhusu maisha yao wenyewe!

Najua walimu watasema kwamba ratiba ni finyu na vitabu ni ghali. Ni kweli. Hata hivyo, sidai kila mwanafunzi asome mabuku matatu. Kurasa mbili zinatosha: moja ya Reed, nyingine ya historia ile ya 1938, zote zikisimulia siku zile zile za Novemba. Mwalimu na aulize: nani ameandika, lini, na ni jina la nani lililoachwa nje? Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa uongo wa historia aghalabu hukaa katika yale yasiyosemwa.

Nanyi wanafunzi, msiridhike na kukariri tarehe. Tarehe zitawapa alama, bali maswali ndiyo yatakayowakinga siku mtakapokabidhiwa kitabu kimoja na kuamriwa msiguse kingine.