Somo la Redio: Habari na Amri

Shikeni kalamu, andikeni maneno mawili: HABARI na AMRI.

"Salio lako ni shilingi 40,000." Hii ni habari. Isome mara kumi, fedha hazipungui. "Tuma shilingi 15,000." Hii ni amri. Ikitimizwa mara mbili, zimekwenda 30,000.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Tuseme wewe uko Darajani, unampelekea mama fedha Makunduchi kwa simu. Amri yako husafiri mpaka kwenye kompyuta za mbali, ambazo wakati huo huo zinapokea amri za watu wengi. Pengine kazi imekwisha, ila jibu limepotea njiani. Kwa hivyo kila amri hupewa nambari yake, na kompyuta huulizana: "Nambari hii imekwisha kutimizwa?" Jibu la swali hilo ni habari, nayo huizuia amri isirudiwe.

Lakini wewe ukiagiza upya, hiyo ni amri mpya yenye nambari mpya. Basi jibu likichelewa, usiharakie kutuma tena. Soma salio, umwulize na mama. Habari kwanza, amri baadaye. Kwaherini.