Habari za Biashara ya Ng'ambo: Nani Kasema, na Lini?

Habari ya bei ni mali. Wafanya biashara wamelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1850 huko Ulaya palikuwa na simu ya waya kutoka Berlin hadi mji wa Aachen, na nyingine kutoka Brussels kwenda Paris, lakini kati ya Aachen na Brussels hapakuwa na waya. Bwana mmoja aitwaye Paul Julius Reuter akaliona pengo hilo. Akatumia njiwa waliofungwa vikaratasi vya bei za masoko, nao wakaruka wakalipita garimoshi. Tajiri aliyepata bei mapema alinunua na kuuza kabla ya wenziwe, na kwa faida hiyo alikuwa tayari kulipa. Mwaka uliofuata Reuter alifungua ofisi yake London, na shirika la habari lenye jina lake lipo hata leo.

Siku hizi mkulima wa Karagwe au wa Mbinga hahitaji njiwa. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana wake yaweza kumwonyesha bei ya kahawa ya New York na London siku ile ile inapotajwa. Mbona basi wengi wetu bado twauza kama vipofu?

Mkoani Kagera kila mtu alijua neno butura. Ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali maua, kwa sababu ada ya shule yadaiwa na mnunuzi amesimama uani na fedha mkononi. Serikali imeikataza biashara hiyo, lakini shida haisomi sheria. Shida ya fedha ndiyo imsukumayo mtu kuuza. Kutojua bei ndiko kunakomfanya akubali neno la kwanza la mnunuzi kuwa ndilo la mwisho.

Kwenye intaneti habari hazikosekani. Taabu ni kwamba habari ya kweli na habari ya uongo zimeketi benchi moja, zimevaa nguo za namna moja. Kwa hiyo kila habari ya biashara inayokujia, iulize maswali matatu kabla ya kuisadiki: Nani asema? Alisema lini? Naye atapata nini nikimsadiki?

BEI HUTOKA WAPI

Tuanze na swali la kwanza. Bei ya kahawa ya Arabika hutazamwa duniani pote katika soko la New York, na ya Robusta katika soko la London. Huko watu hupatana bei ya kahawa itakayokabidhiwa miezi ijayo, na bei hiyo hupanda na kushuka kila siku ya kazi. Hiyo ndiyo nyota ambayo wanunuzi wakubwa huitazama wanaposafiri.

Liko pia Shirika la Kahawa la Kimataifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lenye makao yake London. Wanachama wake ni serikali, na Tanzania ni mmoja wao. Shirika hili hutoa katika tovuti yake bei elekezi za kahawa, limezigawa katika makundi manne. Arabika yetu imewekwa kundi moja na ya Kolombia na ya Kenya; Robusta ina kundi lake. Angalia jambo hili: shirika hilo halinunui kahawa yako wala haliiuzi. Halipati senti moja zaidi ukiuza leo au ukiuza kesho. Ndiyo sababu neno lake lina uzito kuliko neno la mtu aliyeleta mizani nyumbani kwako.

Benki ya Dunia nayo hutoa kila mwezi jedwali la bei za mazao na bidhaa nyingi: kahawa, chai, pamba, mahindi, mbolea. Hapo bei ya kahawa huandikwa kwa kilo, jambo linalotupunguzia hesabu. Hapa nyumbani iko Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao yake Moshi, nayo Benki Kuu hutangaza thamani ya dola kwa shilingi. Habari zote hizi hutolewa bure. Mtu akikudai fedha ili akupe bei ya kahawa ya dunia, akuuzia maji ukiwa umesimama ziwani.

Ukiandika swali kwenye intaneti, usishike jibu la kwanza kwa kuwa limetangulia. Majibu ya juu mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Na zile programu mpya zinazojibu maswali kama mtu hujibu kwa ufasaha hata zinapokosea. Ziulize zimelitoa wapi jibu, kisha nenda mwenyewe mpaka huko. Kumbuka pia kwamba tovuti kumi zilizonakili habari moja si mashahidi kumi, bali ni shahidi mmoja aliyesemeshwa mara kumi.

BEI YA LINI?

Swali la pili hupuuzwa na wengi, nalo ndilo lipotezalo fedha nyingi. Bei haina maana bila tarehe yake.

Tazama jinsi kahawa inavyoyumba. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni nchini Brazili, na mwaka 1977 Arabika ilivuka dola 3 kwa ratili moja huko New York. Mwaka 2001 ilishuka chini ya senti 50, na mashamba mengi duniani yakaachwa magugu. Mwezi Februari 2025 ikapanda tena, ikavuka dola 4. Mtu akikupelekea kwenye simu picha ya bei isiyo na tarehe, atakuwa amekuletea kitu gani? Yaweza kuwa bei ya jana, yaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita. Mwenye kutaka kununua atakuonyesha ya chini. Mwenye kutaka kukuuzia miche atakuonyesha ya juu.

Jifunze pia kuuliza sababu. Brazili ndiyo nchi itoayo kahawa nyingi kuliko zote duniani, na Vietnam yaongoza kwa Robusta. Ukisikia kwamba bei imepanda sana, tafuta kama kuna ukame au baridi katika nchi hizo. Ukiona sababu imeandikwa na watu wawili wasionakiliana, una haki ya kuanza kusadiki.

HESABU YA KILO

Hata bei ya kweli yaweza kumdanganya asiyejua kipimo. Soko la New York hutaja Arabika kwa senti za Marekani kwa ratili moja, na ratili ni kama gramu 454 tu. London hutaja Robusta kwa dola kwa tani. Tena bei hizo zote ni za kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa.

Basi tufanye hesabu kama darasani. Tuseme Robusta imetajwa London kuwa dola 4,000 kwa tani. Gawa kwa 1,000, wapata dola 4 kwa kilo. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500. Kilo moja ya kahawa safi ni shilingi 10,000. Lakini wewe wauza kahawa kavu ikiwa na maganda yake, na kilo mbili za namna hiyo huleta kama kilo moja ya kahawa safi. Kwa hiyo kilo yako moja yabeba ndani yake kahawa ya shilingi 5,000 hivi huko London.

Kwa Arabika, tuseme New York yataja senti 300, yaani dola 3 kwa ratili. Zidisha kwa 2.2, kwa kuwa kilo moja ni ratili mbili na kitu. Wapata dola 6.60 kwa kilo ya kahawa safi. Arabika iliyooshwa na kukaushwa, ikiwa bado na ngozi yake, hutoa kama kilo 80 safi katika kilo 100.

Wala usiende na hesabu hii sokoni ukadai fedha yote. Katikati kuna kukoboa, magunia, lori, bandari, meli, bima, ushuru na faida ya mnunuzi. Kahawa nzuri huongezewa na mbaya hupunguzwa. Hesabu hii ni taa ya kukuonyesha pengo. Mtu akikupa shilingi 4,000 katika mfano wetu wa Robusta, mwaweza kuzungumza. Akikupa 1,200, una haki ya kumwuliza zile 3,800 zimekwenda wapi, na kumwomba akuhesabie gharama moja moja.

BARUA YA MGENI

Sasa tuje kwenye swali la tatu, na hapa ndipo watu hulia. Tuseme katibu wa chama chenu cha msingi apata barua kwenye simu. Imeandikwa kwa adabu nyingi. Kampuni moja ya London yataka kununua kahawa yote ya chama kwa bei mara mbili ya mnada. Ina nembo nzuri, na picha ya jumba refu la vioo. Mwisho wa barua yasema kwamba chama kilipe kwanza ada ndogo ya kusajili mkataba, kabla ya Ijumaa.

Msijibu kwanza. Uingereza ina daftari la serikali la makampuni, liitwalo Companies House, na mtu yeyote duniani aweza kulisoma bure kwenye intaneti. Andika jina la kampuni. Utaona kama imeandikishwa, tangu mwaka gani, nani wakurugenzi wake, imepeleka hesabu zake au la, na kama ingali hai au imekwisha kufutwa. Wakisema wana miaka 40 katika biashara, na daftari lasema walianza mwezi uliopita, mmekwisha kupata jibu. Marekani nako makampuni makubwa yanayouza hisa kwa watu wote hulazimishwa na sheria kutoa taarifa za fedha zao, nazo husomwa bure katika hazina iitwayo EDGAR. Kampuni ya hapa Tanzania iulizie BRELA.

Lakini kuwamo daftarini si cheti cha uaminifu. Kwa miaka mingi Companies House ilipokea ilichoandikiwa bila kuwa na uwezo mkubwa wa kukikagua. Ni tangu Machi 2024 tu ilipopewa na sheria nguvu zaidi ya kuuliza na kukataa. Tena mwizi aweza kuazima jina la kampuni ya kweli, akaandika barua kwa jina hilo. Kwa hiyo linganisheni anwani. Kampuni kubwa huandika kwa anwani ya tovuti yake yenyewe, si kwa anwani ya bure ambayo kila kijana aweza kujifungulia. ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, lina ukurasa unaoonyesha jina la tovuti liliandikishwa lini. Tovuti ya miezi mitatu ya kampuni ya miaka 40 yatia shaka.

Na shikeni kanuni hii: msiingie kwa mlango aliowafungulia mgeni. Msipige namba iliyomo katika barua yake, wala msibonye kiungo alichowapa. Itafuteni kampuni wenyewe kwa njia nyingine, mpige namba mliyoipata huko, muulize kama wamjua mtu huyo.

Mnunuzi wa kweli wa kahawa hutaka sampuli aionje. Huuliza daraja, uzito na unyevu. Haanzi kwa kudai ada. Zaidi ya hayo, kahawa haitoki Tanzania kihalali bila leseni ya Bodi ya Kahawa. Basi pigieni Bodi, mwulize kama wamjua mnunuzi huyo. Swali hilo halina gharama kubwa, na laweza kuokoa mavuno ya familia mia. Na yule anayewaharakisha, anayesema ni leo au basi, mfahamu kwamba haraka ile ni yake. Kahawa kavu iliyohifadhiwa vema haiozi kwa siku tatu za kuuliza.

DAFTARI LA BEI

Mzee asiyejua kusoma simu ana mjukuu aliye sekondari. Mpe daftari la kurasa 48 na kazi ya kila Jumamosi. Aandike tarehe, bei ya London au New York kutoka Shirika la Kahawa, thamani ya dola kutoka Benki Kuu, na hesabu ya kilo kwa shilingi. Pembeni aandike habari ameitoa wapi. Kazi hiyo yachukua robo saa, na mtoto atakuwa amejifunza hesabu yenye faida.

Baada ya miezi sita daftari hilo litasomwa katika mkutano wa chama cha msingi. Wanachama wataona bei ilipopanda na iliposhuka, na mahali mnunuzi wao aliposimama kila mara. Mama aliyebaki na shamba baada ya mumewe kufariki, ambaye zamani aliambiwa tu "bei ndiyo hiyo, mama," ataweza kuuliza: bei ya lini, na nani kasema? Naye mnunuzi mwaminifu hatachukia swali hilo, maana jibu analo.