Kocha Akibisha Hodi: Vijana wa Nyumbani na Mpira wa Vyuo Marekani



Jioni moja, baada ya darasa la watu wazima, mama mmoja wa bloki ya jirani alituletea simu yake. Mdogo wake, aliyehamia Omaha katika jimbo la Nebraska, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Tukausikiliza pamoja: "Dada, kuna bwana mmoja amekuja mpaka nyumbani. Amekaa, amekunywa chai, anasema anamtaka kijana wetu akachezee chuo. Mtoto ana miaka kumi na saba tu. Mimi nimeogopa. Niambieni, nimjibu nini?"

Hakuna aliyecheka. Kule tulikotoka, watu wakija kuulizia kijana mwenye mabega na mbio, mama hawapikii chai. Anamficha mtoto. Kuna familia hapa kambini zilizovuka mpaka kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo hofu ya yule mama tuliielewa. Lakini mgeni wake ni wa aina nyingine, na ni vizuri tueleze, maana wengi wetu tuna ndugu kule. Tangu Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani zimesimama kwa karibu wote, basi hatuandiki haya kumpa mtu matumaini ya ndege. Tunaandika kwa ajili ya wale waliokwisha kufika na bado wanatupigia simu kuomba ushauri.

MPIRA GANI HUO?

Si huu wetu wa miguu. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili, na mara nyingi unashikwa kwa mikono. Timu ni watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Wenye mpira wanapewa nafasi nne za kusogea yadi 10 mbele, yaani kama mita 9. Wakishindwa, wenzao wanachukua. Ni mchezo wa kusukumana na kuangushana, ndiyo sababu wanavaa kofia ngumu na mabega ya plastiki.

Kule vyuo vikuu vina timu kubwa kweli. Nebraska ina watu milioni 2 hivi. Mji wa Kinshasa peke yake unawazidi mara nyingi. Lakini tangu mwaka 1962 tiketi za uwanja wa chuo kikuu chao, mjini Lincoln, zinauzwa zote kila mchezo wa nyumbani. Siku hiyo watu walio uwanjani wanazidi wakazi wa mji wowote wa jimbo hilo, ukiacha Omaha na Lincoln.

KWA NINI KOCHA ANAANZA NA WA NYUMBANI?

Kwanza, anawafahamu. Anaweza kumwona kijana akicheza Ijumaa jioni, akaongea na walimu wake, akafika kwa wazazi bila kupanda ndege. Pili, kijana ambaye wazazi wake wako karibu hana upweke mwingi, na mama anaweza kuja uwanjani kumwangalia. Tatu ni karo. Vyuo vya umma vinasaidiwa na kodi za jimbo, kwa hiyo mkazi wa jimbo analipa kidogo. Wa kutoka jimbo lingine, mara nyingi analipa mara mbili au zaidi.

Na kocha asiyeangalia nyumbani kwake, wenzake watamwangalizia. Gale Sayers alikulia Omaha na kusoma sekondari hapo hapo, lakini akaenda kuchezea chuo kikuu cha jimbo jirani la Kansas, akawa mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa mchezo huo. Johnny Rodgers naye ni wa Omaha, ila yeye alibaki. Timu ya Nebraska ikawa bingwa wa nchi mwaka 1970 na 1971, na mwaka 1972 Rodgers akapata Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Kuna na aliyeondoka akarudi. Scott Frost alisoma sekondari katika mji mdogo wa Wood River, hapo Nebraska. Alianza chuo mbali, Stanford kule California, kisha akarudi nyumbani na kuongoza timu iliyochukua ubingwa wa 1997 bila kupoteza mchezo.

WANAOJILETA

Hapa wazazi tunaomba msome polepole. Kocha akisema "nakutaka", si lazima awe anakulipia. Kuna mwenye ufadhili, na kuna anayejileta: anajilipia karo, anafanya mazoezi yale yale, anasubiri aonekane. Akionekana anaweza kupewa ufadhili. Sisi walimu wa kujitolea tunaijua hali hiyo vizuri!

Nebraska ilijengwa sana na vijana hao. Mwaka 1973 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliweka kikomo cha ufadhili wa watu 105 kwa timu. Mwaka 1978 wakashuka mpaka 95, na kufikia 1994 ikawa 85. Kocha Tom Osborne, mwenyewe mzaliwa wa Nebraska, aliyeongoza timu kutoka 1973 mpaka 1997, aliwaita vijana wa vijijini na wa mashamba ya ng'ombe waje wajaribu. Wengi walikaa miaka kwenye benchi. Wengine wakawa nguzo.

Siku hizi mlango huo umekuwa mwembamba. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa na matangazo. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji, na vinavyofanya hivyo vina kikomo cha watu 105 katika timu nzima, wenye ufadhili na wasio nao. Zamani Nebraska ilibeba wengi kuliko hao. Tena wachezaji wanahama vyuo kwa urahisi, kwa hiyo kocha anaweza kuchukua mtu mzima aliyekwisha komaa kwingine badala ya kumlea kijana wa jirani.

MASWALI YA KUMWULIZA KOCHA

Haya ndiyo tuliyomwandikia yule mama kwenye karatasi, akamsomea mdogo wake:

1. Mwanangu ana ufadhili au anajileta? Kama ni ufadhili, unalipa nini: karo, chumba, chakula, vitabu? Yote yawe kwenye maandishi.

2. Akivunjika mguu, nani anatibu? Na ufadhili unaendelea?

3. Alama zake zinatosha? Kwa daraja la juu la NCAA anatakiwa kumaliza masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4.0. Kijana anaweza kuwa na mbio za swala na bado akakataliwa kwa sababu ya hesabu.

4. Wewe kocha ukiondoka, mtoto wangu anabaki na nani? Makocha wanafukuzwa, hata wa nyumbani. Frost yule yule alirudi kuwa kocha wa Nebraska mwaka 2018, akaachishwa Septemba 2022.

5. Atasomea nini? Wanaofika kwenye mpira wa kulipwa ni wachache sana. Wengi watakula kwa cheti.

Tuliongeza mambo mawili. Kocha wa kweli haombi pesa kwa mzazi. Akitokea wakala anayetaka "ada ya kumfikisha kijana chuoni", mfungieni mlango. La pili, mkimbizi aliyepokelewa Marekani kihalali anaweza kuomba msaada wa serikali wa masomo kama wenyeji, hata asipocheza chochote. Basi mpira usiwe ndiyo njia pekee.

Mama alikaa kimya kidogo, akakunja ile karatasi. Halafu akauliza: "Kwa hiyo mtoto akikataa, yule bwana hawezi kumchukua kwa nguvu?"

Tukamwambia hawezi. Kijana akisema hapana, kocha anaaga na kwenda kwa mwingine.

"Basi," akasema, "nitamwambia mdogo wangu asimfiche. Amwulize mtoto mwenyewe anataka nini."

Wenye ndugu kule na maswali ya namna hii, tupo darasani kila jioni baada ya saa kumi. Njooni na simu yenye chaji.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.